Maiti Aliyepiga Goti Kisimani

Msomaji, fikiri mji mdogo wa pwani wenye kisima kimoja tu, nacho ki nje ya nyumba za mwisho. Watu wa mji huo wana kiu. Watoto wamelia mpaka sauti zimewakauka, na mitungi imelala mitupu mbele ya milango. Kisima ki pale pale, chaonekana, lakini hapana athubutuye kukiendea. Maana kando yake amepiga goti mtu mrefu mno, uta wake ameuvuta, mshale umo katika upote, na uso wake umeelekea njia ya wateka maji. Hajasogea tangu siku ya kwanza. Hasemi neno. Wanaume wenye mikuki huchungulia nyuma ya kuta, wakamwona vile vile alivyokuwa jana, wakarudi ndani.

Mtu yule amekwisha kufa.

Huo ndio mwisho wa hadithi ya Fumo Liyongo, nao, kwa maoni yangu, ni mahali pa kutisha kuliko pote katika masimulizi ya Kiswahili. Liyongo alikuwa malenga na bingwa wa mishale, mtu wa nchi iliyo baina ya Pate na mlango wa mto Tana, na mji wa Shaka hutajwa sana katika habari zake. Wanachuo hawakupatana juu ya karne aliyoishi, wala hatuna haja ya kuwangoja. Sultani wa Pate alimwogopa kwa nguvu zake na kwa jinsi watu walivyompenda. Alimtia gerezani, naye akatoka: mama yake alimpelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, na watu wakapiga ngoma na kuimba nyimbo alizotunga mwenyewe, ili mlio wa tupa juu ya chuma usisikike. Silaha hazikumdhuru. Njia ya kumwua ilikuwa moja tu, sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na siri hiyo haikujulikana nje ya nyumba yake. Sultani akamghilibu mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana akamwuliza baba; baba akashuku, hata hivyo akasema. Liyongo alipokuwa amelala usingizi mzito, mwana akamchoma, akakimbia.

Hapo ndipo hadithi inapouacha ushujaa na kuingia katika jambo jingine. Aliyechomwa aliamka kwa uchungu, akatwaa uta wake, akaenda hata kisimani, akapiga goti, akavuta mshale, akafa katika hali hiyo. Watu hawakujua. Siku zikapita wasipate maji. Mwishowe wakamwendea mama yake, wakamsihi aende akamtulize mwanawe. Akaenda, akasimama mbali, akamwimbia kama mtu ambembelezavyo mtoto mwenye hasira, na mwana asijibu. Akarudi nyumbani, akaenda tena, mpaka maiti alipoanguka ndipo watu wakajua. Ama yule kijana aliyechoma, riwaya ninazozijua hazimpi furaha yo yote.

Itazame vema hadithi hiyo, nawe utaona kuwa mwisho wake hauna jini, hauna mzimu, hauna hata giza. Mambo yote yanatendeka mchana. Hofu yake imejengwa juu ya vitu viwili tu ambavyo kila mtu wa nchi kavu anavijua, yaani kiu na shaka. Watu wale wangeweza kuvumilia kuuawa na Liyongo aliye hai, kama wazee wao walivyovumilia vita. Jambo lililowashinda ni kutojua.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ya karatasi nilizopata kuzisahihisha. Niliwapa vijana wa Tarasaa kazi ya kuandika insha ya kutisha, nikaenda nyumbani na rundo la madaftari, na usiku ule nilisoma habari za majumba ya mawe yenye minara, theluji ikianguka, mbwa mwitu wakilia milimani, na bwana mmoja mweupe mwenye meno marefu alalaye katika jeneza. Hapana hata mmoja kati yao aliyewahi kuona theluji. Wote walikuwa wamekulia katika tambarare ya delta, baina ya Garsen na bahari, na Kipini, mahali mto uingiapo baharini na ambako husemwa kuwa Liyongo alizikwa, ni mwendo usiotimiza siku moja kutoka darasani mwetu. Sikuwakaripia. Bwana yule mwenye meno marefu aliandikwa mwaka 1897 na Bram Stoker, mtu wa Dublin, ambaye naye hakupata kukanyaga nchi ya Transylvania aliyoieleza. Alizikusanya hofu za wenyeji kutoka vitabuni. Basi vijana wangu walikuwa wameazima hofu kwa mtu aliyekuwa ameiazima. Hilo ndilo lililonifanya nitafute hofu za hapa petu zilikwenda wapi, na ni nani aliyezitia katika maandishi.

Hadithi ya Liyongo ilipigwa chapa London mwaka 1870, katika kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokitoa Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa Askofu wa Unguja. Lakini mtu ninayetaka umjue zaidi ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana. Kijumwa alichonga milango, alipiga na kuunda vyombo vya muziki, alitunga mashairi, na mwandiko wake wa herufi za Kiarabu ulikuwa mzuri hata watu wakaulipia. Mwaka 1913 aliitunga habari ya Liyongo katika utenzi. Hakuwa na mtambo wa chapa, wala kampuni ya vitabu, wala mhariri. Aliketi Lamu akaandika kwa kalamu, nakala baada ya nakala, kwa kila aliyetaka, na miongoni mwa waliopokea miswada yake walikuwamo wanachuo wa Ulaya kama Alice Werner na William Hichens. Siku hizi husemwa sana habari za waandishi wanaojitegemea, wanaoandika na kutoa kazi zao bila ya kupitia mlango wa mchapishaji, kana kwamba ni jambo jipya lililoletwa na mashine. Kijumwa alikuwa akijitegemea kabla baba wa babu zetu hawajaiona taipureta.

Jambo moja alilofanya Kijumwa lastahili kuangaliwa. Katika utenzi wake mke wa Liyongo, mama wa kijana yule, ni wa Wagalla, yaani wafugaji wa bara ambao jamaa zao katika delta leo huitwa Waorma. Mtunzi mvivu angeliona hapo njia rahisi ya kupata mbaya wa hadithi: mgeni mwenye damu ya bara. Kijumwa hakufuata njia hiyo. Ubaya unaanza katika jumba la Pate, kwa Sultani, miongoni mwa watu wa lugha moja na Liyongo. Nitarudi kwenye shauri hilo, maana si dogo.

Hayo ni masimulizi ya miji ya pwani. Sasa panda mto. Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya, nao katika sehemu za chini huenda kwa kujipinda-pinda kama nyoka aliyekanyagwa. Mafuriko yakija hukata pindo, mto ukashika njia mpya, na njia ya zamani ikabaki kuwa ziwa jembamba lisilo mkondo. Vijiji vya Wapokomo vilivyokuwa ukingoni hujikuta viko mbali na maji, au ndani yake, na watu huhama. Hivyo nchi ile imejaa mahali palipokuwa na watu na sasa hapana, na mabwawa yaliyotulia katikati ya magugu, ambamo mamba husubiri bila haraka.

Katika mabwawa na misitu hiyo walikaa wale ambao Alice Werner alisimuliwa habari zao. Bibi huyu, aliyekuja kufundisha Kiswahili London, alizuru pwani yetu katika miaka ya 1911 hadi 1913, akakaa pia miongoni mwa Wapokomo, na baadhi ya aliyoyasikia aliyatia katika kitabu chake juu ya visasili vya Kibantu kilichotoka mwaka 1933. Ameandika habari za Ngojama, kiumbe wa msituni afananaye na mtu, ila katika kitanga cha mkono wake ana ukucha wa chuma. Akimkamata mtu humchoma kwa ukucha huo akamnywa damu. Ameandika pia habari za Kitunusi. Huyu nampenda zaidi, kama yafaa kumpenda. Kitunusi haendi kwa miguu kama sisi. Huenda hali ameketi. Naye amevaa kaniki. Akutanaye naye huingiwa na hofu hata viungo vikamlegea asiweze kusimama wala kukimbia; lakini ikiwa mtu atapata kipande kilichochanika cha kaniki ile, atakuwa tajiri.

Ngoja kidogo juu ya kaniki. Ni nguo ya rangi nyeusi au buluu iliyokoza, ya bei ndogo, ambayo wanawake waliivaa kwa kazi za shamba na za jikoni. Hapana mtoto wa zama zile ambaye hakumwona mama yake ameivaa. Aliyeibuni habari ya Kitunusi, kama alikuwa mtu mmoja, alielewa jambo ambalo waandishi wengi wa kutisha hawajalielewa mpaka leo: kwamba pembe na mkia ni mchezo wa watoto, na kitishacho kwelikweli ni kile kilichovaa nguo unayoijua, kikatenda jambo moja tu lisilo sawa. Mtu ameketi kando ya maji na nguo ya mama yako. Yote ni kama kawaida, ila yuasogea.

Husemwa kwamba hadithi hizi zilikuwa njia ya kuwazuia watoto wasikaribie mto. Hapana shaka ziliifanya kazi hiyo. Mama mwenye shamba la mpunga hakuweza kukaa ukingoni kutwa. Alimweka Kitunusi akae badala yake. Hata Waswahili wa pwani wanalo neno chunusi, jini wa majini avutaye waogeleao, na yamkini majina hayo mawili ni ndugu. Lakini maelezo hayo hayaniridhishi yote. Mtoto hazuiwi kwa kuahidiwa utajiri, na kipande kile cha kaniki ni ahadi ya utajiri. Nadhani waliosimulia walijua kuwa mto ule ule unaoua ndio unaolisha. Mafuriko yanayobomoa nyumba ndiyo yanayoacha tope la mpunga. Hofu isiyo na tamaa ndani yake ingekuwa uongo katika nchi ile.

Yako matumizi mengine ya hofu, na hayo hayakuwa ya akina mama. Wapokomo walikuwa na baraza la wazee walioingizwa kwa siri, lililoitwa Kijo, na baraza hilo lilikuwa na ngoma kubwa iitwayo ngadji. Haikupigwa kwa mkono wala kwa kijiti kama ngoma za harusi. Ilisuguliwa, nayo ikanguruma. Wasioingizwa hawakuruhusiwa kuiona. Waliisikia tu. Hebu jiweke, msomaji, katika nyumba ya makuti, taa hakuna, na kutoka mwituni unakuja mngurumo ambao hujui ni wa kitu gani, nawe umeambiwa tangu utotoni usiulize. Kwa njia hiyo wazee walishika sheria ya nchi bila askari na bila gereza. Sisemi kuwa ilikuwa serikali mbaya. Sisemi pia kuwa ilikuwa nzuri kwa kila mtu, hasa kwa wale ambao daima walikuwa upande wa kusikia.

Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliichukua ngadji, na mwaka 1908 iliingia katika jumba la makumbusho la British Museum huko London. Humo imewekwa ghalani pasipoonwa na watazamaji. Katika muongo wa 2010 viongozi wa Kipokomo walisafiri wakaruhusiwa kuiona, na madai ya kuirudisha yamesemwa hadharani. Nami hufikiri juu ya hali yake ya sasa. Kitu ambacho nguvu yake yote ilikuwa katika kusikika bila kuonekana, sasa kina namba ya daftari, aweza kuonekana kwa ruhusa, na hakisikiki.

Wakati huo shule zilikuwa zimekwisha fika. Wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walifungua kituo Ngao, karibu na Tarasaa, mwaka 1887, na kusoma kukaanza kwa vitabu vya dini. Hadithi za mto zilibaki jikoni. Ni jambo la kuchekesha kidogo, ukilifikiri, kwamba sauti moja ya delta ilipata heshima kubwa kuliko zote: mwaka 1963 tume ya watu watano iliposhughulikia wimbo wa taifa la Kenya, ilichukua mahadhi ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Bembelezo likapanda juu ya mlingoti wa bendera. Tisho, ambalo kila usiku lilikaa chumba kimoja na bembelezo lile, halikualikwa.

Mahali pengine katika Afrika lilikwisha alikwa. Mwaka 1938, katika nchi ya Wayoruba, mwalimu wa shule aitwaye D. O. Fagunwa alitoa kitabu cha mwindaji aingiaye katika msitu wa mapepo, kwa lugha yake mwenyewe, kikasomwa mashuleni kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1952 Amos Tutuola, naye Myoruba, mtu aliyekuwa tarishi wa ofisi, alipigiwa chapa London kitabu chake cha mlevi wa tembo anayekwenda mji wa wafu. Na baadhi ya watu wa kwao wenye elimu waliona haya, wakidhani wazungu watasema kuwa Waafrika wote wanaamini mambo hayo. Haya hiyo naijua. Nimeiona katika nyuso za walimu wenzangu nilipowaambia kuwa naandika juu ya Kitunusi.

Kwa Kiswahili mlango ulifunguliwa na mtu wa Unguja, Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyofanywa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Mzimu, kama ujuavyo, ni mahali pa kuwekea sadaka za waliotangulia, tena ni hao waliotangulia wenyewe. Katika kitabu hicho mtu ameuawa, na maiti yuko mzimuni. Jambo jepesi kwa watu wa mahali pale ni kusema kuwa mzimu umefanya kazi yake, na msomaji naye kwa muda huwa tayari kusema hivyo. Kisha anakuja Bwana Msa na kiko chake kinywani. Haudharau mzimu wala haukejeli. Anauliza tu maswali: nani alikuwa wapi, nani alimdai nani, nani afaidiye. Na nyuma ya pazia la watu wa kale anatoka mtu wa leo, mwenye mikono.

Wengine humshutumu mtungaji huyo kuwa aliyafuata mno mambo ya Sherlock Holmes. Na iwe hivyo. Alichokifuata ni njia ya kuuliza. Mzimu ulikuwa wa kwao. Tena hakuridhika na mmoja, kwani mwaka 1968 alitoa *Kisima cha Giningi*, na Giningi katika masimulizi ya Unguja na Pemba ndiko wachawi wanakokutania. Mara nyingine kisima, angalia! Katika nchi zetu kitisho hakikai katika ngome ya mawe juu ya mlima. Kinakaa mahali mtu anapolazimika kwenda kila siku.

Msomaji kijana aweza kuuliza: kwa nini Bwana Msa asimwachie mzimu ushindi? Je, hadithi isiyo na mzimu wa kweli haipunguki utamu? Hupunguka, nakubali. Nilipokuwa na umri wako nilikasirika kila kitabu kilipofika mwisho na jini likawa mtu. Lakini nitakupa habari mbili zilizonifanya nifikiri upya, nazo si za kubuni.

Ya kwanza ni ya Kilifi, jirani zetu wa kusini. Huko, katika miaka yetu hii, wazee wameuawa na jamaa zao wenyewe kwa kusingiziwa uchawi. Mvi huhesabiwa kuwa ushahidi, na mara nyingi nyuma ya mvi hizo kuna shamba ambalo kijana hataki kulingoja. Mahali paitwapo Kaya Godoma, katika nchi ya Ganze, wazee waliokimbia wamepewa makimbilio. Sheria haikukosekana: tangu mwaka 1925 Kenya ilitunga sheria ya uchawi iliyohesabu kuwa ni kosa kudai nguvu za uchawi, na vile vile kumsingizia mwingine uchawi. Lakini auaye hamuulizi wakili. Amekwisha kuwa na hadithi kichwani mwake, hadithi aliyoisikia mara mia, ambamo bikizee mwenye macho mekundu ndiye mchawi siku zote. Mtu aliyemwona bibi yake katika hadithi namna ile miaka kumi huona kuwa amekwisha pata ushahidi.

Ya pili ni ya hapa hapa. Baina ya Agosti na Disemba mwaka 2012, katika delta ya Tana, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Vijiji kama Riketa, Kilelengwani na Kipao vikawa majina ya magazetini. Ardhi, malisho, maji na siasa ndizo zilizosemwa kuwa sababu, nami si mwamuzi. Nataka kusema jambo moja la mtu asomaye hadithi. Kabla ya usiku kama ule, lazima kwanza jirani asimuliwe mpaka asiwe jirani. Lazima apewe ukucha wa chuma. Na kazi hiyo ya kumpa ukucha hufanywa kwa maneno, polepole, na watu wasiojiona kuwa wamefanya neno.

Basi ninapowaona waandishi vijana wa leo, wanaotoa hadithi zao za kutisha sehemu kwa sehemu katika simu, bila mhariri, kama Kijumwa alivyokuwa bila mhariri, mimi sishiki kichwa kama wenzangu. Najua kuwa Kiswahili kimekwisha pata waandishi wa namna hiyo mara nyingi. Hata Ben Mtobwa wa Dar es Salaam, aliyewafanya vijana wengi wa miaka ya 1980 wakeshe na vitabu vya upelelezi, alianzisha nyumba yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Wala siwahesabii makosa ya tahajia, ingawa yananiuma. Jambo ninalolitazama ni moja: hofu ya hadithi imemwangukia nani? Imemwangukia bikizee wa mwisho wa kijiji, au mgeni mwenye ng'ombe? Au imekaa pale ilipokaa hofu ya Liyongo, katika tendo lililofanywa ndani ya nyumba kubwa, na mji mzima ukalilipa kwa kiu?

Niliwarudishia vijana wa Tarasaa madaftari yao, nikawaambia waandike upya, bila theluji. Masharti yalikuwa mawili: mahali pawe ni mahali wanapopajua kwa miguu yao, na pasiwe na mzee mchawi. Wengi walinung'unika. Mmoja alileta Ngojama mwenye bunduki, jambo ambalo sikulitazamia. Lakini msichana mmoja, ambaye mpaka siku ile hakuwa ameandika zaidi ya nusu ukurasa wa kitu cho chote, aliomba asome mwenyewe.

Alisimulia habari za mwanamke wa kijiji kilichokuwa kando ya pindo la zamani la mto, ambaye kila adhuhuri alikwenda bwawani na ndoo yake. Siku moja alimwona mtu ng'ambo ya bwawa ameketi, amejifunika kaniki. Akamwamkia kama ipasavyo. Hakujibiwa. Akadhani ni mgonjwa, akateka maji, akaenda zake. Kesho yake mtu yule alikuwa ameketi upande wa huku. Mwanamke akauliza nyumbani kama kuna mgeni. Hapakuwa na mgeni. Siku ya tatu alikuwa ameketi penye njia. Siku ya nne, chini ya mwembe wa kwanza wa kijiji. Hapana mtu aliyemwona akitembea, na hapana aliyeona alama ya mguu katika tope. Kila siku alikuwa ameketi tu, karibu zaidi kidogo.

Hapo akanyamaza, akaketi. Nilimwuliza mwisho wake u wapi, maana ukurasa ulikuwa umekatika.

"Mwalimu," akasema, "bibi hajui. Wao walihama siku ile ya nne."